KINANDA CHA SANTURI CHA ZAMANI: KUKIJUA, KUKITENGENEZA NA KUKITUNZA

Kaeni vizuri, penseli na madaftari yawe tayari.

Somo la leo lahusu chombo ambacho huenda kimo nyumbani mwenu, nyuma ya magunia au juu ya kabati: kinanda cha santuri cha kutiwa ufunguo kwa mkono, kisichotaka umeme wala betri. Wengi hukiona takataka. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita, hupimiwa kwenye mizani pamoja na sufuria zilizotoboka. Kabla hujamkabidhi, yafaa ujue ulicho nacho.

NI CHOMBO GANI?

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mashine ya kunasa sauti na kuirudisha. Aliiita fonografu. Sauti ilichorwa juu ya kitu kirefu cha mviringo, mfano wa kopo. Mwaka 1887 Emile Berliner, naye akiwa Marekani, alitumia sahani badala ya kopo. Mashine yake iliitwa gramafoni. Basi kumbukeni: cha kopo ni fonografu, cha sahani ni gramafoni. Wamarekani waliendelea kuviita vyote fonografu, lakini vilivyoenea kwetu Afrika Mashariki ni vya sahani.

Chafanyaje kazi? Ndani ya sanduku mna kamani, yaani springi, kama ile ya saa. Ukitia ufunguo, kamani hujikaza. Ikijilegeza, huzungusha sahani. Juu ya sahani pana mfereji mwembamba sana. Sindano hupita humo na kutikisika. Mtikisiko hufika kwenye kiwambo chembamba, mara nyingi cha ulanga au alumini, kisha pembe huikuza sauti. Pembe nyingine huonekana nje. Nyingine imefichwa ndani ya sanduku. Kwa hiyo usiseme kinanda chako kimepoteza pembe kabla hujatazama ndani.

Jihadharini pia na vya kuiga. Siku hizi hutengenezwa India vinanda vyenye pembe ya shaba inayong'aa na picha ya mbwa anayesikiliza, kwa kuchanganya vipande vya zamani na vipya. Alama ya mbwa peke yake si ushahidi wa uzee.

SOMA KARATASI YA KATIKATI

Sasa chukueni sahani yenyewe. Katikati ina karatasi ya duara. Hapo ndipo kujua kusoma kunapoleta faida. Tafuteni mambo manne: jina la kampuni, jina la mwimbaji, lugha ya wimbo, na namba.

Twachukua mfano. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, ambaye zamani alikuwa muuza vyungu, alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, wakaimba nyimbo za Kiswahili kwa kampuni yenye alama ya mbwa. Alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake yasikika hata leo kwa sababu watu walizitunza sahani zile. Asiyeweza kusoma jina hilo aweza kuifanya sahani ya namna hiyo kifuniko cha mtungi.

(Mwalimu asimame hapa. Wanafunzi waandike mambo manne.)

KUTENGENEZA

Kwanza: usifungue kopo la kamani. Kamani iliyokazwa ikifyatuka yaweza kukukata mkono vibaya. Iache ijilegeze yote, kisha mpe fundi aliyezoea kazi hiyo. Grisi ya zamani hukauka ikawa kama gundi. Kazi ya fundi ni kuiosha na kutia mpya.

Pili: usipige rangi wala msasa. Mbao na maandishi ya zamani ndiyo cheti cha kuzaliwa cha kinanda. Yakifutwa hayarudi. Kipande kilichovunjika kikibadilishwa, kile cha zamani kiwekwe ndani ya bahasha.

Tatu: pima mwendo. Bandika kikaratasi ukingoni mwa sahani, kisha hesabu. Sahani nyingi za zamani huzunguka mara 78 kwa dakika, yaani mara 39 kwa nusu dakika. Ukipata pungufu au zaidi, sogeza kidude cha kurekebisha mwendo.

KUTUNZA

Sahani za mara 78 zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India uliochanganywa na unga wa mawe. Ikianguka huvunjika kama kigae. Usiifute kwa spiriti, kwani huyeyusha utomvu huo. Futa vumbi kwa kitambaa laini, ukifuata mfereji. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua na unyevu.

Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu wa sahani, kisha itupwe. Ikichakaa huukwangua mfereji, na sauti iliyokwanguliwa haishoneki. Sahani za plastiki za mara 45 au 33 zisipigwe kamwe kwenye kinanda hiki. Mkono wake ni mzito, utaziharibu. Na kama una sahani ambayo huenda ni ya pekee, usiipige kwa kuifurahia. Mtafute mwenye mashine ya umeme ya mkono mwepesi, ainakili.

Mwisho, andikeni. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Waulizeni wazee wangali hai: Kinanda kilinunuliwa wapi? Nani alikileta? Kilipigwa katika arusi gani? Habari hizo hazimo katika chuma wala mbao. Mzee akienda nazo, hakuna fundi wa kuzirudisha. Baada ya hapo, ukitaka kuuza, uza. Lakini uuze kitu unachokijua.

MASWALI

1. Fonografu na gramafoni zatofautianaje?
2. Taja mambo manne yanayosomwa kwenye karatasi ya sahani.
3. Kwa nini sindano hubadilishwa?
4. Nyumbani: andika mistari mitano juu ya chombo kimoja cha zamani cha ukoo wako.

Kwaherini, hadi somo lijalo.