Warsha za Filamu Mtandaoni: Kijana wa Shela Aanzie Wapi?

Shela hupigwa picha kila siku ya Mungu. Mgeni hajashuka vizuri kwenye mashua, simu iko mkononi: mnara wa msikiti wa Ijumaa, punda aliyebeba mawe, milango ya nakshi, mchanga wa ufuoni usiokwisha. Picha hizo zimezunguka dunia. Lakini ukiuliza ni filamu ngapi zimetengenezwa Shela na mtu wa Shela, akasimulia mambo kwa lugha yake, jibu litakuwa fupi.

Si kwamba hadithi zetu hazina mtaji. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya ukweli iitwayo *New Moon*, ya Mkenya Philippa Ndisi-Herrmann. Alifika Lamu kutazama habari ya ujenzi wa bandari, na mwisho filamu ikawa ni safari yake mwenyewe ya kuingia katika Uislamu. Lamu ilimpa hadithi. Swali ni kwa nini hadithi hiyo hiyo isimsaidie kijana aliyezaliwa hapa.

Zamani jibu lilikuwa rahisi: chuo kiko mbali. Anayetaka kusomea filamu sharti aende Nairobi, apate kodi ya nyumba, karo na jamaa wa kumpokea. Sasa kuna warsha za mtandaoni, na vijana wengi wanaziulizia. Makala haya yanaeleza warsha hizo ni nini, zinakula nini, na mtu ajihadhari na nini kabla ya kutoa shilingi yake.

Warsha ni nini hasa?

Watu huchanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni video za mafunzo, kama zile za YouTube. Unatazama, unajifunza kitu, lakini hakuna anayejua kama umeelewa. Cha pili ni kozi iliyopangwa kwa somo baada ya somo, na unaisoma kwa wakati wako. Mfano ni Pixar in a Box, iliyotengenezwa na studio ya Pixar pamoja na Khan Academy. Haina malipo, na ndani yake mna sehemu nzima ya sanaa ya kusimulia hadithi. Cha tatu ndiyo warsha yenyewe: kuna mwalimu, kuna wenzako, kuna tarehe ya kuwasilisha kazi, na kazi yako inatazamwa na kusemwa wazi ilipopendeza na ilipochosha.

Vyote vitatu vina faida, ila kinachomkomaza mwanagenzi ni hicho cha tatu. Fundi wa jahazi pale Matondoni hakujifunza kwa kutazama tu. Alipiga msumari, fundi mkuu akamwambia ung'oe, akaupiga tena. Filamu ni hivyo hivyo. Mtu anaweza kutazama masomo mia moja na asitengeneze hata dakika moja ya filamu.

Warsha nzuri ya wanaoanza kwa kawaida hupita hatua tano. Kwanza wazo, uliandike kwa sentensi moja au mbili. Pili mswada, yaani nani anafanya nini, wapi, na anasema nini. Tatu orodha ya picha utakazopiga. Nne kupiga zenyewe. Tano kuhariri, kisha kuwaonyesha wenzako. Warsha inayoishia kwenye hatua ya pili ni warsha ya uandishi. Hilo si baya, lakini ujue mapema.

Vifaa visiwe kisingizio

Vijana wengi husema, "Nikipata kamera nitaanza." Kule Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, Nabwana I.G.G. alijiundia kompyuta kwa vipande vikuukuu na mwaka 2010 akatoa *Who Killed Captain Alex?* kwa gharama ambayo mara nyingi hutajwa kuwa haikuzidi dola 200. Filamu ile imejaa kelele na vichekesho, na si kila mtu ataipenda, lakini imejulikana duniani kote. Marekani nako, mwaka 2015, Sean Baker alitoa *Tangerine*, filamu ndefu ya sinema iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s. Simu nyingi zilizoko mifukoni mwa vijana wa Shela leo zina kamera isiyopungua ile.

Kwa uhariri, simu inatosha kuanzia. Mwenye kompyuta yenye nguvu anaweza kupakua DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure linalotumiwa hata na wataalamu.

Kitu kimoja kitakachomwangusha mwanagenzi wa hapa kwetu ni sauti. Upepo wa ufuo wa Shela, wa kusi na wa kaskazini, unapomeza maneno ya mzee anayesimulia, filamu imekufa hata picha ikiwa nzuri namna gani. Ponya yake ni rahisi: mkalishe mzee ndani ya daka au kwenye kichochoro chenye ukuta mnene, na umwekee simu ya pili mfuko wa kanzu irekodi sauti peke yake. Utaziunganisha baadaye unapohariri. Mwanga nao, epuka jua la saa saba. Baada ya alfajiri na baada ya alasiri, kuta za chokaa zenyewe zitakufanyia kazi.

Hesabu ya bando

Hapa ndipo wengi hukwama. Mkutano wa video wa moja kwa moja hula takriban GB 1 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Tuseme warsha ina vipindi vinane vya saa moja na nusu. Hizo ni saa 12, sawa na kiasi cha GB 12, kabla hujatuma kazi yako. Somo lililorekodiwa, ukilitazama kwa ubora wa wastani, hula karibu nusu ya hiyo. Na mjue kwamba mikutano ya Zoom isiyolipiwa hukatika baada ya dakika 40, kwa hiyo kikundi kitakachotegemea hiyo kijipange.

Dawa ni umoja. Vijana watano wakijisajili kama kikundi, wakakaa mbele ya skrini moja kwenye darasa la shule au la madrasa baada ya masomo, bando ni moja badala ya tano. Zaidi ya kuokoa pesa, filamu haipigwi na mtu mmoja. Mmoja ashike kamera, mmoja sauti, mmoja aandike, mmoja ahariri, mmoja aongoze. Mtandao ulete mwalimu, na mtaa ulete wafanyakazi.

Kabla ya kutuma pesa

Penye riziki hapakosi mdanganyifu. Anayekuahidi cheti na kazi ya televisheni baada ya wiki mbili, huku akikuhimiza utume pesa leo kabla "nafasi hazijaisha", mkimbie. Uliza maswali manne.

La kwanza: mwalimu ni nani, na filamu zake ziko wapi nizitazame? Mwenye kazi haoni taabu kuzionyesha.

La pili: kazi yangu itatazamwa na nitapewa maoni, au nitasikiliza tu?

La tatu: mtandao ukikatika, kuna rekodi ya somo? Huku visiwani swali hili si dogo.

La nne, ambalo wengi hulisahau: filamu nitakayotengeneza itakuwa mali ya nani? Kuna masharti yanayowapa waandaaji haki ya kuitumia kazi yako watakavyo. Soma masharti, au umpe anayejua akusomee.

Wapi pa kutazama? Afrika Mashariki ina taasisi zenye historia. Maisha Film Lab ya Kampala, iliyoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004, imewafunza watu wengi wa eneo letu. Docubox ya Nairobi, iliyoanzishwa na Judy Kibinge, husaidia filamu za ukweli. MultiChoice Talent Factory ilianza mwaka 2018 ikiwa na chuo Nairobi. Si zote hufundisha mtandaoni wakati wote, na nyingine huchagua wachache, lakini miito yao ya maombi hutolewa mtandaoni. Tamasha la ZIFF la Zanzibar nalo ni la kufuatiliwa, kwani huleta pamoja watengenezaji filamu wa pwani yetu hii.

Na maombi hayo yanataka kitu mkononi. Mwaka 2021 Netflix na UNESCO walitangaza shindano la hadithi za kale za Afrika. Maombi zaidi ya 2,000 yaliingia, na washindi walikuwa sita tu, wakiwamo Mkenya Voline Ogutu, Mtanzania Walt Mzengi Corey na Mganda Loukman Ali. Kila mshindi alipewa bajeti ya dola 75,000 kutengeneza filamu yake fupi, na waombaji walitakiwa waonyeshe kazi waliyokwisha kuifanya. Asiyewahi kumaliza hata filamu ya dakika tatu hana la kuonyesha. Ndiyo maana nasema faida kubwa ya warsha si cheti, ni ile filamu moja iliyokamilika.

Binti je?

Tusifichane. Wazazi wengi wa Shela hawatampeleka binti yao Nairobi akakae peke yake kusomea filamu, na sina haja ya kuwalaumu. Lakini warsha ya mtandaoni imeondoa sababu ile ya safari. Binti anaweza kusoma akiwa nyumbani, mamake yuko chumba cha pili. Tena kazi nyingi za filamu hazihitaji uso wake uonekane: kuandika, kuongoza, kurekodi sauti, kuhariri.

Mzazi atauliza, "Hivi haya si mambo ya uhuni?" Namjibu kwa mfano wa Saudia. Haifaa al-Mansour alipotengeneza *Wadjda*, iliyotoka mwaka 2012, mara nyingi alilazimika kuongoza akiwa ndani ya gari mitaani Riyadh, akizungumza na wafanyakazi wake kwa redio, kwa kuwa hakuweza kuchanganyika na wanaume hadharani. Filamu ile ni ya msichana anayetaka baiskeli na anaingia mashindano ya Qur'ani. Haina uhuni. Chombo ni chombo. Ubaya na uzuri unatoka kwa mshikaji. Mwenye shaka ya kidini juu ya picha amuulize sheikh wake, maana wanavyuoni wana maneno yao katika jambo hilo na mimi si mwenye kutoa fatwa.

Na kuna nyumba ambazo hakuna kamera ya mgeni itakayoingia, wala haifai iingie. Ndani ya nyumba hizo kuna maarifa ya wanawake: kusingwa kwa bi harusi, upishi, nyimbo za kubembeleza watoto. Kama yatarekodiwa, atakayeyarekodi kwa stara na kujua wapi pa kuzima kamera ni binti wa nyumba hiyo.

Stara, ruhusa na sheria

Jambo hili warsha za ng'ambo hazitakufundisha. Shela ni ndogo, kila mtu anamjua mwenziwe. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na umwambie filamu itaonyeshwa wapi. Mtoto, muombe mzazi wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka hivyo. Ukitaka kupiga ndani ya ngome ya Lamu au magofu ya Takwa, wenye mahali ni Makavazi ya Kitaifa, waendee. Sheria ya filamu ya Kenya, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa, na Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, ndiyo huainisha filamu. Droni nayo ina kanuni za mamlaka ya anga tangu 2020. Kambi na vituo vya usalama, usielekeze kamera kabisa. Kwetu hapa hilo halina mzaha.

Anza na dakika tatu

Usianze na filamu ya saa mbili yenye mapenzi na magaidi. Chagua jambo moja, mtu mmoja, dakika tatu. Chini ya milima ya mchanga ya Shela kuna maji matamu yanayonywewa mpaka Lamu mjini. Mtafute mzee wa visima akueleze maji hayo yanakaaje pale na nini kitatokea mchanga ukijengwa. Au wafuate wazee, kwa idhini yao, wanapovuka kwenda Takwa kwenye kaburi la mnara kuomba mvua, kama walivyofanya waliowatangulia, na waulize kwa nini Shela inahesabu asili yake kule.

Na waache waseme kwa Kiamu chao. "Ndoo" ibaki "ndoo", "mato" yabaki "mato". Asiyeelewa atasoma tafsiri chini ya skrini. Amil Shivji aliitoa *Vuta N'Kuvute*, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, kwa Kiswahili, na mwaka 2021 ikaonyeshwa Toronto.

Wazee hao hawatungojei. Kila mwaka tunazika watu wenye hadithi ambazo hazikuandikwa wala kurekodiwa, na hakuna kozi itakayozirudisha. Basi vijana watano wakutane wiki hii, wachague somo moja la bure, na wajiwekee tarehe ya kuonyesha filamu yao ukutani mbele ya mtaa. Viti tutaleta wenyewe, inshallah.