Kwapa Halidanganywi kwa Marashi

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Wahusika wake ni wadogo mno, jicho haliwaoni, na wanaishi kwapani mwako.

Tuanze na jasho lenyewe. Ngozi ya mtu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Nyingi hutoa maji yenye chumvi, yanayoupoza mwili unapocheza mpira juani au unapokimbia kuwahi kengele. Maji hayo hayanuki. Makwapani na kinenani kuna tezi za aina nyingine, ambazo hulala tangu unapozaliwa na kuamka unapobalehe. Jasho lake ni zito kidogo, lina mafuta na protini, lakini nalo likitoka tu halina harufu ya kumsumbua mtu. Ndiyo maana mdogo wako wa miaka mitano hucheza kutwa asitoe kikwapa, na wewe wa kidato cha kwanza unashtuka fulana yako imeanza kunuka. Hujawa mchafu ghafla. Umekua.

Sasa waingie wenye hadithi yao: bakteria. Kwapani pana joto na unyevu, na chakula hakikauki. Bakteria hulila lile jasho zito na kulivunjavunja, na katika mabaki yake mna vitu vyenye salfa. Hivyo ndivyo vinavyonuka kama kitunguu kilichooza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walieleza kimeng'enya ambacho bakteria aitwaye Staphylococcus hominis hukitumia kutengeneza harufu hiyo. Basi kikwapa hakitokani na jasho peke yake, bali na jasho lililoliwa.

Chukua mkebe wa marashi ya kupuliza, ugeuze, usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta spiriti, manukato, na gesi za butani na propani za kuyasukuma nje. Ukijipulizia, unahisi ubaridi: ni spiriti na gesi hizo zinazogeuka mvuke. Spiriti huua baadhi ya bakteria, kweli, lakini waliosalia huzaana upya. Jasho linaendelea kutoka, manukato yanapeperuka, na baada ya saa chache kwapa limerudi lilipokuwa.

Je, marashi huzidisha kikwapa? Yenyewe hayakizalishi. Ubaya huja yanapopulizwa mahali pasipooshwa. Kipindi cha michezo kimekwisha, darasa limejaa, na kijana anajipulizia marashi juu ya fulana iliyolowa jasho. Harufu haikuondoka, zimekuwa mbili, na zikichanganyika huwa nzito kuliko kila moja peke yake. Jirani anakohoa, na mwenye pumu huenda akabanwa kifua. Mwenyewe hana habari, kwa kuwa pua huizoea harufu inayokaa nayo. Anadhani marashi yamekwisha, anaongeza.

Wazee wetu wa pwani walijua utaratibu. Mtu huoga kwanza, na nguo zilizofuliwa ndizo zinazofukizwa udi kwenye chetezo. Manukato ni pambo la mwili safi.

Kwa hiyo osha makwapa kwa sabuni kila siku, na tena ukitoka mchezoni. Suuza vizuri, jifute mpaka pakauke, kisha vaa nguo iliyofuliwa. Jezi za poliesta hushika harufu kuliko pamba, kwa hiyo usizirudie bila kuzifua. Ukitaka kupunguza jasho lenyewe, tafuta dawa ya kwapa yenye chumvi za alumini, zinazoziba njia za jasho kwa muda. Ipake usiku kwenye ngozi kavu. Hapo hushika vizuri zaidi. Ndimu ambayo wengi huipaka huchoma ngozi iliyonyolewa, na ikipigwa na jua inaweza kukuunguza.

Na jambo hili msilisahau: butani na propani ndizo gesi zilizomo kwenye mtungi wa kupikia. Usijipulizie karibu na jiko, kibatari wala kiberiti.

Ukioga na kubadili nguo na harufu ikabaki kali, mwambie mzazi, matroni au muuguzi. Hilo ni jambo la afya, halina aibu. Na mwenzako akinuka, usimcheke mbele ya darasa. Mvute pembeni, umwambie kwa upole, kama ambavyo ungependa kuambiwa wewe.

Shikeni hili, wanangu: marashi hayaoshi. Maji na sabuni vitangulie, marashi yaje mwisho, tena kidogo.