Deni lisiloandikwa daftarini

BUJUMBURA. Mwombe muuza vitenge yeyote wa hapa mjini akuoneshe daftari lake. Utakuta majina ya wateja wa Uvira, wa Bukavu, wa Kigoma: nani amelipa nusu, nani ameahidi Ijumaa, nani amezima simu. Biashara ya mpakani ni kuaminiana, na aliyeaminiwa asipolipa, mtaji wa mwenzake ndio unaokwenda.

Kwa hiyo sisi wafanyabiashara tuna sababu ya kuisikiliza Sala ya Bwana kwa makini. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, kinachoombewa msamaha kinaitwa deni. Wengi tumezoea kusali "makosa", neno jepesi mdomoni. Deni lina kiasi, lina mwenyewe, na anayelisamehe anabeba hasara kweli.

Burundi inaijua hasara hiyo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, tarehe 21 Oktoba 1993, vita viliigawa hata Bujumbura mtaa kwa mtaa: Kamenge ukawa wa Wahutu, Ngagara na Nyakabiga ya Watutsi, na majirani wa miaka mingi wakahama usiku.

Kusini mwa nchi, Bururi, seminari ndogo ya Buta iliendelea kuwalaza vijana wa pande zote mbili katika bweni moja. Haikuwa bahati. Mkuu wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, aliwapa nafasi ya kusema waziwazi yaliyotokea makwao, hata yale yaliyomchoma mwenzao aliyeketi karibu. Kisha walisali pamoja.

Alfajiri ya 30 Aprili 1997 waasi waliingia na bunduki, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Wanafunzi 40 waliuawa. Padri Bukuru, ambaye alinusurika, amesimulia kwamba walikuwamo waliokata roho wakiwaombea wauaji msamaha.

Habari hii husimuliwa kana kwamba ujasiri uliwashukia asubuhi ile. Mimi sidhani. Kijana wa sekondari hapati jibu kama hilo ghafla mbele ya mtutu. Hawa walikuwa wamelizoea muda mrefu, mezani, uwanjani na kanisani.

Lakini kuna jambo gumu zaidi. Mwenye daftari anajua tofauti kati ya kumsamehe mdaiwa anayekiri na kumsamehe anayekana kuwa aliwahi kukopa. Taifa limekwenda polepole katika hilo: Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 uliahidi tume ya ukweli na maridhiano, na sheria ya kuiunda ikapitishwa 2014. Vijana wa Buta hawakusubiri kuombwa. Walisamehe kilichokuwa chao, yaani maisha yao wenyewe. Cha mama aliyempeleka mwanawe shule, akaletewa habari ya kifo, hawakuweza kukisamehe kwa niaba yake, na sioni padri wala serikali inayoweza. Huyo mama akisali sala ileile na kunyamaza anapofika kwenye neno deni, nani atamlaumu?

Mwaka 2019 maaskofu wa Burundi walifungua mchakato wa kuwatangaza vijana hao wenye heri. Makaburi yao 40 yako palepale Buta, kando ya kanisa, Wahutu na Watutsi pamoja.