Maumivu ya mgongo, vidonge vya dukani na kiharusi: Funzo kutoka Karagwe na Kyerwa

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA anayerejea kutoka shambani katika vilima vya Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, jembe begani na mkungu wa ndizi kichwani, hahitaji kuelezwa maana ya maumivu ya mgongo. Huamka nayo, hushinda nayo na hulala nayo.

Njiani hupita katika duka la dawa la kijijini, akaomba "dawa ya mgongo" na kupewa vidonge vichache vilivyofungwa katika karatasi. Kesho yake maumivu yametulia na kazi inaendelea. Vidonge vikiisha, hurudi kuchukua vingine. Miezi hupita, pengine miaka, bila mtu yeyote kumpima shinikizo la damu.

Jambo hili si la wakulima wa Kagera peke yao. Utingo wa lori, mama lishe na karani anayeshinda kitini katika ofisi za Dar es Salaam, Mwanza au Arusha nao hufanya vivyo hivyo, na mara nyingi bila kumuona daktari.

Hata hivyo, tafiti za kitabibu za miongo miwili iliyopita zimeonyesha kuwa kati ya maumivu sugu, dawa zinazoyatuliza na afya ya mishipa ya damu kuna uhusiano ambao kila mtumiaji wa dawa hizo anapaswa kuufahamu. Mwisho mbaya wa uhusiano huo ni kiharusi.

Mshipa hauumi

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu ghafla. Mara nyingi chanzo ni donge la damu kuziba mshipa. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu kuvujia ndani ya ubongo, na aina hii huonekana zaidi Afrika kuliko katika nchi tajiri, kwa kuwa shinikizo la damu hukaa muda mrefu bila kutibiwa.

Mshipa wenye afya si bomba tu la kupitisha damu. Ukuta wake wa ndani una utando mwembamba wa chembe hai ambazo hutoa kemikali za kuulegeza na kuutanua mshipa. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kuwa gesi ya oksidi ya nitriki ndiyo inayotumika kupeleka ujumbe huo wa kulegea.

Shinikizo kubwa la damu, kisukari, sigara na mafuta mengi katika damu huuchubua utando huo kidogo kidogo. Mshipa hukakamaa, hupungua upana na huwa rahisi kuziba au kupasuka.

Tatizo ni kwamba uharibifu huo hauumi. Mgongo ukiuma, mtu hutafuta dawa siku hiyo hiyo. Mshipa ukiharibika, hakuna kinachomsukuma kwenda zahanati. Wengi huamini kuwa mwenye shinikizo la damu ni lazima aumwe kichwa, lakini wagonjwa walio wengi hawaoni dalili yoyote mpaka siku ya kuanguka.

Hai na Dar es Salaam zilivyochunguzwa

Tanzania ina utafiti wa kiharusi unaotajwa duniani kote. Kati ya mwaka 2003 na 2006, kundi la watafiti lililoongozwa na Profesa Richard Walker kutoka Uingereza, likishirikiana na wataalamu wa Tanzania, lilifuatilia kila tukio jipya la kiharusi katika maeneo mawili: wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na sehemu ya jiji la Dar es Salaam.

Baada ya tofauti za umri kusawazishwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam walikuwa 315.9, kiwango kinachozidi kile cha nchi nyingi tajiri.

Msomaji wa mjini anaweza kudhani kuwa wakazi wa vijijini wamesalimika. Hilo si kweli. Hai ni wilaya ya migomba na kahawa, kama zilivyo Karagwe na Kyerwa, na uchunguzi mwingine uliofanyika huko miongoni mwa wazee wa miaka 70 na zaidi ulikuta takribani 7 kati ya kila 10 wana shinikizo kubwa la damu. Wengi wao hawakuwa wakijua.

Watafiti hao hao walibaini pia kuwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI yanahusiana na ongezeko la hatari ya kiharusi nchini. Kwa Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, habari hiyo ina uzito wa pekee. Watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi sasa wanaishi na kuzeeka, na wanahitaji kupimwa shinikizo la damu kila wanapohudhuria kliniki.

Dawa inapotuliza huku ikidhuru kule

Maumivu yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu ndiyo huitwa sugu. Maumivu ya kiuno na mgongo yanaongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe shughuli zao. Mwaka 2020 yalikadiriwa kuwasumbua watu milioni 619.

Dawa zinazotumika zaidi ni diklofenaki, ibuprofeni na nyingine za jamii hiyo. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alieleza namna dawa za jamii ya aspirini zinavyofanya kazi: huuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta uvimbe na maumivu. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden.

Lakini prostaglandini zina kazi nyingine. Huzisaidia figo kutoa chumvi na maji, na baadhi yake hutanua mishipa na kuzuia damu isigande ovyo. Dawa inapozizuia, maumivu hupungua, ila chumvi na maji huweza kubaki mwilini, shinikizo la damu hupanda, na dawa za kulishusha hupungua nguvu.

Ulimwengu ulishtuka mwaka 2004, kampuni ya Merck ya Marekani ilipoiondoa sokoni dawa ya maumivu ya Vioxx. Jaribio la kitabibu lilikuwa limeonyesha kuwa waliotumia dawa hiyo kwa zaidi ya miezi 18 walipata shambulio la moyo au kiharusi karibu mara mbili ya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Mwaka 2013 uchambuzi wa mamia ya majaribio ulionyesha kuwa diklofenaki kwa dozi kubwa huongeza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takribani theluthi moja. Mwaka 2018 watafiti wa Denmark walieleza kuwa walioanza kutumia diklofenaki walipata kiharusi cha mshipa kuziba kwa kiwango cha mara 1.6 ya wasiotumia, ndani ya siku 30 tu za mwanzo.

Takwimu hizo zisimtie mtu hofu isiyo na sababu. Kwa kijana mwenye afya anayemeza vidonge kwa siku mbili tatu, hatari ni ndogo sana. Hatari huongezeka kwa mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au figo, hasa akitumia dozi kubwa kwa muda mrefu bila usimamizi.

Parasetamoli nayo, ambayo wengi huiona haina madhara, si ya kumezwa kila siku bila kikomo. Utafiti uliofanyika Edinburgh na kuchapishwa mwaka 2022 ulikuta kuwa gramu nne kwa siku, kwa wiki mbili, hupandisha shinikizo kwa watu ambao tayari wana tatizo hilo.

Nani anaamini mashetani?

Kuna dhana kuwa mtu wa kijijini ndiye anayehusisha kiharusi na uchawi, na kwamba wa mjini ameelimika. Utafiti wa Gerry Mshana na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kinyume chake. Ni katika Dar es Salaam ambako watu wengi walikihusisha kiharusi na mashetani au kurogwa. Huko Hai maelezo yaliyotawala yalikuwa shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo.

Jambo hili lina madhara, kwa sababu anayeamini kuwa mgonjwa ametupiwa jini hampeleki hospitali kwanza. Na katika kiharusi, kila dakika inayopita bila tiba inakadiriwa kuua chembe za ubongo milioni 1.9.

Dalili zake huja ghafla: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito au maneno kutoeleweka, jicho kutoona, kizunguzungu cha kushindwa kutembea, au kichwa kuuma kwa kishindo. Dalili moja inatosha kumkimbiza mgonjwa hospitali. Hata ikitoweka baada ya dakika chache, bado ni onyo.

Dawa ya kuyeyusha donge la damu hufaa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima kwanza mgonjwa apigwe picha ya CT-Scan ili kuthibitisha kuwa ubongo hauvuji damu. Ndiyo sababu haifai kumpa aspirini nyumbani. Kama mshipa umepasuka, aspirini huzidisha uvujaji. Asipewe pia chakula wala kinywaji, kwani anaweza kupaliwa.

Kutoka Kayanga, makao makuu ya Karagwe, hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100 za barabara, na Hospitali ya Rufaa ya Bugando iko Mwanza, upande wa pili wa Ziwa Victoria. Kwa umbali huo, silaha kubwa ya mkazi wa Kyerwa au Karagwe ni kukiepuka kiharusi kabla hakijafika.

Kinachowezekana leo

Utafiti mkubwa uliohusisha nchi 32, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa visababishi 10 vinavyoweza kurekebishwa vinachangia takribani asilimia 90 ya hatari ya kiharusi. Shinikizo la damu liliongoza. Vingine ni pamoja na sigara, pombe, kisukari, unene wa tumbo na kutofanya mazoezi.

Mkulima wa Kagera ana mtaji wake: hutembea, hulima, na hula ndizi na maharage, vyakula vyenye potasiamu inayosaidia kushusha shinikizo. Anachopaswa kuangalia ni chumvi na pombe, iwe rubisi au gongo. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo katika vyakula vya dukani.

Kuhusu mgongo, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2023 unaweka mbele elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa kali za jamii ya afyuni. Kugawa mzigo mara mbili na kuendelea kutembea badala ya kulala siku nzima ni tiba isiyouzwa dukani. Lakini maumivu yanayoambatana na homa, kukonda, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia haja yanahitaji daktari haraka.

Anayelazimika kutumia diklofenaki au ibuprofeni apime shinikizo kwanza, atumie dozi ndogo kwa siku chache, na amweleze muuzaji dawa nyingine anazotumia. Aliyeandikiwa dawa za shinikizo asiziache kwa sababu tu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa kuwa zinafanya kazi.

Wilaya ya Kyerwa ilizaliwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 321,026 Kyerwa na 332,020 Karagwe. Waliokuwa na miaka 40 wakati huo sasa wamepita 50, umri ambao mishipa huanza kudai deni lake. Kufunga mkanda wa kipimo mkononi huchukua dakika chache tu, na kipimo hicho hakihitaji kusubiri mpaka mgongo uume.