Nyumba Nyuma ya Gari: Mume na Mke Wastaafu Wanavyozoea Maisha ya Trela

Trela la kuishi ni nyumba ndogo iliyojengwa juu ya ekseli moja au mbili. Halina injini, hukokotwa na gari. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, friji, choo na matangi ya maji, vyote vimepangwa katika upana wa mita 2.5 hivi na urefu ambao mara nyingi ni kati ya mita 5 na 9. Marekani, Kanada, Australia na Ulaya, miongoni mwa wanaolinunua wamo mume na mke waliostaafu. Watoto wamekwisha kujitegemea, kazi imekoma, na wazee wanataka kuiona nchi wakati miguu bado ina nguvu. Mjini Bukavu hakuna desturi hiyo. Hata hivyo, yanayowakuta wazee hao katika miezi ya kwanza yanamhusu kila mtu anayefikiria kusafiri na mwenzake uzeeni, na Kongo yenyewe iliwahi kupitiwa na msafara mkubwa wa matrela ya aina hii.

Asili ya trela na msafara wa 1959

Mwaka 1885 daktari Mskoti, Gordon Stables, alijengewa huko Bristol, Uingereza, gari la kulala lililokokotwa na farasi. Aliliita The Wanderer, akazunguka nalo nchini kwa starehe. Magari ya mafuta yalipoenea, nyumba za namna hiyo zilihamishiwa nyuma ya motokari. Huko California, Wally Byam alianzisha kampuni ya Airstream mwaka 1931, na mwaka 1936 akatoa trela la alumini lenye umbo la mviringo, jepesi na lisilopingana sana na upepo.

Byam aliamini kwamba uzee si sababu ya kukaa nyumbani, akaanza kuongoza misafara ya wenye matrela. Ule wa 1951 ulielekea Amerika ya Kati, na wengi walioanza hawakufika mwisho kwa ubovu wa njia. Mwaka 1959 aliongoza matrela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Miongoni mwa wasafiri hao walikuwamo wastaafu wengi, wake kwa waume. Walipita Rhodesia, wakaingia Kongo ikiwa bado chini ya Wabelgiji, chini ya mwaka mmoja kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Wakaendelea Uganda, Kenya na Ethiopia, ambako walipokewa na Mfalme Haile Selassie, hadi Misri. Safari ilichukua miezi mingi, na muda mwingi wa safari hiyo ulikwenda katika kutengeneza vilivyoharibika na kunasuana matopeni. Waliofika walifika kwa sababu walisaidiana.

Uzito ndio somo la kwanza

Wanaoanza hushughulika na mapazia na vyombo, kumbe jambo la kuangaliwa kwanza ni uzito. Kila gari lina kikomo cha mzigo linaoweza kukokota, kilichoandikwa na mtengenezaji, na kikomo hicho huhesabiwa trela likiwa limejaa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 150 likijazwa, zimeongezeka kilo 150 kabla ya kupakia hata sufuria.

Namna mzigo unavyogawanywa ni muhimu vilevile. Marekani hushauriwa kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikae juu ya chuma cha kuungia nyuma ya gari. Vitu vizito huwekwa chini, karibu na ekseli. Mzigo ukirundikwa nyuma, mkia wa trela huanza kuyumba kushoto na kulia, na mayumbo hayo yanaweza kulipindua pamoja na gari. Hapo shofere hatakiwi kukanyaga breki kwa ghafla wala kuzungusha usukani. Huondoa mguu kwenye mafuta taratibu, akishika usukani sawasawa, na kama trela lina breki zake zenye kitufe cha mkono, huzitumia hizo kulivuta nyuma hadi litulie.

Katika mteremko mrefu, gia ndogo hutumika ili injini ishike mwendo. Breki zinazokanyagwa muda wote hupata moto na kuacha kushika.

Kurudi nyuma na kuegesha

Kinachowachosha wazee wengi katika siku za mwanzo ni kurudi nyuma. Usukani ukizungushwa kulia, trela huelekea kushoto. Ukizungushwa kushoto, huelekea kulia. Njia rahisi ya kujifunza ni kushika usukani sehemu ya chini: mkono ukisogea upande fulani, mkia wa trela nao husogea upande huo huo. Mwenza wa shofere husimama nje, mahali anapoonekana kwenye kioo, akimwongoza kwa ishara walizokubaliana mapema. Ishara zisipokubaliwa, makelele huanza, na ugomvi mwingi wa wenye matrela huzaliwa hapo. Uwanja mtupu na asubuhi chache za mazoezi huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Inafaa wote wawili wajue kuendesha na kuongoza, kwa kuwa ugonjwa hauchagui nani ndiye shofere.

Kuegesha nako kuna utaratibu wake. Kwanza hutafutwa ardhi iliyo sawa na ngumu. Magurudumu huwekewa kabari kabla ya trela kuachanishwa na gari, kwa maana trela lisilozuiwa huteremka lenyewe. Kisha miguu ya chuma hushushwa, na ndipo maji, umeme na gesi hufunguliwa. Wakati wa kuondoka kazi hiyo hufanywa kinyume: gesi hufungwa, milango ya makabati hubanwa, taa za nyuma hujaribiwa, mipira hupimwa upepo. Wenye uzoefu huandika hatua hizo kwenye karatasi na kuzisoma kila mara, hata baada ya miaka.

Maji machafu hukaa katika matangi mawili, moja la sinki na bafu, jingine la choo. Humwagwa mahali palipotengwa tu. Kuyamwaga mtoni ni kuwapelekea maradhi wanaochota maji chini yake.

Watu wawili, chumba kimoja

Kustaafu peke yake huibadili ndoa. Mume na mke waliokuwa wakiagana asubuhi na kukutana jioni sasa wanaonana mchana kutwa, na ndani ya trela hakuna sebule ya pili ya kukimbilia. Wanaofanikiwa hugawana kazi waziwazi, hutembea kidogo kila mmoja kwa wakati wake, na hawaendi mbali kila siku. Mwendo wa saa tatu au nne kisha mapumziko unautosha mwili wa mtu wa miaka sitini na kitu.

Afya hupangwa kabla ya safari: dawa za presha au sukari za kutosha, karatasi ya daktari, na majina ya hospitali zilizoko njiani. Anwani nayo hupangwa. Marekani, Joe na Kay Peterson walianzisha mwaka 1978 chama cha Escapees, ambacho kutoka Livingston, Texas, hupokea barua za wanachama wasio na makao ya kudumu na kuwatumia popote walipo.

Kama ingekuwa Bukavu

Bukavu imejengwa juu ya vilima na rasi za Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Barabara zake nyembamba na zenye miinuko hazifai kitu kirefu kinachokokotwa. Nje ya mji, barabara ya Uvira kupitia Nya-Ngezi hushuka Ngomo, mteremko mkali kando ya korongo, kiasi kwamba magari mengi hupendelea kupita Rwanda na kurudi Kongo kwa Kamanyola. Kuelekea Goma, njia hupita Kavumu, Kalehe na Minova. Mafuriko ya Mei 2023 yaliyoua mamia ya watu Kalehe yalionyesha jinsi mvua inavyoweza kuiharibu ardhi hiyo. Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zilifungwa, na mstaafu aliyekatwa mchango wake miaka yote ya kazi akashindwa kuifikia pensheni hata ya kununulia dawa.

Ng'ambo ya Mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kuna lami kutoka Rusizi hadi Rubavu kandokando ya ziwa, na nyingine inayopenya msitu wa Nyungwe kuelekea Huye. Trela lingepita huko kwa karatasi za forodha na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Kongo na Rwanda huendesha kulia, hivyo mlango wa trela la Marekani, ulio ubavu wa kulia, hufungukia ukingo wa barabara. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto, na mlango huo hufungukia upande wa magari yapitayo.

Safari ya wazee hutegemea mambo matatu: ujuzi wa chombo, maelewano ya wawili, na nchi yenye njia na amani. Mawili ya kwanza mume na mke huweza kujifunza wenyewe, hata kwa kuanza na safari fupi za kukodi gari kabla ya kununua chochote. La tatu haliwezi kununuliwa na mstaafu yeyote. Ni deni la wenye mamlaka kwa watu waliokwisha kuitumikia nchi maisha yao yote.