Mazao ya Wanyama wa Matopeni Hupimwaje?

Muuzaji wa Marikiti, Mombasa, ajua kwamba bidhaa zilizo mezani asubuhi moja si mauzo ya mwaka. Meza ndogo ijazwayo kila siku huweza kuuza zaidi ya kubwa ijazwayo kwa nadra. Ndivyo ilivyo kwa kombe, kaa na minyoo wakaao katika matope ya hori la Tudor, kaskazini ya kisiwa.

Maji yakupwapo, hasa wakati wa bamvua, wapimaji hulaza fremu ya mraba juu ya matope. Yaliyomo ndani yake huchimbwa na kuchekechwa kwa wavu wa matundu madogo, mara nyingi ya milimeta 1. Wanyama wabakiao huhesabiwa na kupimwa urefu na uzito. Hiyo ni akiba tu, wala si mazao.

Ili kujua mazao, kazi hurudiwa kila mwezi kwa mwaka mzima. Kombe wa rika moja hutambulikana kwa ukubwa wao. Uzito alioongeza mmoja huzidishwa kwa wastani wa idadi ya walio hai mwezi ule, kisha miezi yote hujumlishwa. Hivyo hata ukuaji wa walioliwa baadaye na ndege au samaki huhesabiwa.

Minyoo waishio miezi michache huweza kuzaa mara kadhaa ya akiba yao kwa mwaka. Kombe waishio miaka mingi huongeza sehemu tu. Basi aokotaye kombe kupita mazao yao hali faida, bali ala mtaji. Yafaa wadogo waachwe wazae kwanza.