Estrojeni nyingi, saratani ya mji wa mimba, na damu ya baada ya kukoma hedhi
Desemba 1975, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine la Marekani lilichapisha tafiti mbili, moja kutoka Seattle na nyingine kutoka Los Angeles. Wanawake waliokoma hedhi na kutumia estrojeni ili kupunguza joto la ghafla mwilini walionekana kuwa na hatari ya kupata saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba mara 4.5 ya wasioitumia kwa hesabu ya Seattle, na mara 7.6 kwa ile ya Los Angeles.

Estrojeni hukuza ukuta huo kila mwezi. Yai likishapevuka, projesteroni huja kuutuliza, na homoni hizo zikishuka ukuta humeguka na kutoka kama hedhi. Estrojeni ikibaki peke yake, seli huendelea kugawanyika bila kizuizi. Ndiyo maana leo mwanamke mwenye mji wa mimba akipewa estrojeni, huongezewa dawa ya jamii ya projesteroni.

Wengi hawajawahi kutumia dawa hizo, na bado wamo hatarini. Ovari zikipumzika, mafuta ya mwili hushika zamu: ndani yake kimeng'enya kiitwacho aromatasi hugeuza homoni za tezi za adrenali kuwa estrojeni. Mafuta yakizidi, estrojeni nayo huzidi. Binti mwenye PCOS, yaani hali ya ovari kuwa na vifuko vingi, anayekaa miezi bila yai kupevuka, anaweza kufikia hali hiyo hiyo akiwa bado kijana.

Basi ni rahisi kudhani kwamba mgonjwa mwenye estrojeni nyingi ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Mara nyingi ni kinyume chake. Saratani iliyolelewa na estrojeni kwa kawaida hukua polepole, na seli zake bado zina vipokezi vya homoni. Zile kali hazihitaji estrojeni ili zikue, na humpata hata mwanamke mwembamba. Mwaka 2020 watafiti wa Bergen, Norwei, walipima homoni za steroidi katika damu ya wagonjwa, wakaona viwango vya chini vya baadhi yake vikiandamana na maisha mafupi.

Hata hivyo, usikimbilie maabara kupima estrojeni ukidhani utajua kama una saratani. Kipimo hicho hakiwezi kukuambia. Dalili yenyewe ni damu. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 waliokoma hedhi hutokwa na damu ukeni, na naomba mama yeyote aliyeona hata tone moja asiseme hedhi imerudi. Huku kwetu tumezoea kuzungumzia saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo ya virusi vya HPV haizuii hii ya mji wa mimba, na kipimo cha mlango wa kizazi hakitoshi kuigundua.

Daktari huanza na ultrasaundi. Ukuta ukizidi milimita 4, huchukuliwa kinyama: kijibomba chembamba cha plastiki hupitishwa kwenye mlango wa kizazi na kuvuta vipande vidogo, kwa dakika chache, mara nyingi bila kulazwa usingizi. Tumbo hukaza kama la hedhi.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, upasuaji wa kuondoa mji wa mimba huwaponya wengi. Kwa msichana anayetaka kuzaa, na ambaye saratani yake ni ya mwanzo na ya aina tulivu, madaktari wanaweza kujaribu kwanza dawa ya jamii ya projesteroni, ya vidonge au ya kitanzi, huku wakichukua kinyama tena kila baada ya miezi michache.